Utatulisha lini guksu? Bakuli la tambi mjini Seoul

Kijana wa Dar es Salaam akifika miaka thelathini hajaoa au hajaolewa, anajua swali linalomsubiri kila akikutana na shangazi zake: ubwabwa tutakula lini? Kumbe mashangazi wa Korea Kusini nao wana swali hilo hilo, ila chakula ndicho tofauti. Wao huuliza: utatulisha lini guksu? Guksu ni tambi, na kumlisha mtu guksu maana yake ni kufunga ndoa.

Tambi zinazotajwa ni janchi guksu, yaani tambi za sherehe. Korea ni nchi ya wali, na zamani ngano ilikuwa adimu sana, hivyo tambi nyeupe za ngano zilingoja siku kubwa kama harusi. Urefu wake ndio ulikuwa dua: maharusi waishi pamoja miaka mingi. Siku hizi unga wa ngano umejaa madukani na bakuli la janchi guksu ni miongoni mwa vyakula vya bei nafuu mjini Seoul, lakini swali limebaki pale pale.

Mimi nililila kwa mara ya kwanza katika soko la Gwangjang, soko kongwe lililoanzishwa mwaka 1905 katikati ya jiji. Juu na pembeni wanauza vitambaa, chini katikati wamejipanga akina mama wenye sufuria zinazofuka mvuke, kila mmoja na benchi lake. Mteja anakaa bega kwa bega na asiyemjua. Mama muuzaji haitwi kwa jina. Wateja humwita imo, mama mdogo, na yeye huwajibu kama mama mdogo kweli, pamoja na kuwagombeza wakibakiza chakula.

Nilitegemea ladha ngeni. Nikaonja supu ya dagaa! Msingi wa mchuzi ule ni dagaa wakavu wa baharini na mwani mkavu, vitu ambavyo mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa. Juu ya tambi wanapanga vipande vyembamba vya yai la kukaanga, karoti na mboga ya jamii ya maboga, kisha mchuzi kidogo wa soya wenye ufuta. Hakuna viungo vingi. Pilipili inakuja pembeni, kwenye kimchi, ile kabichi iliyochachushwa ambayo hakuna meza ya Kikorea inayokosa.

Jirani yake palikuwa na kalguksu, tambi zinazokatwa kwa kisu. Donge la unga linasukumwa kama chapati, linakunjwa, linakatwa mbele yako na kutumbukizwa sufuriani. Kwangu hizo ndizo tamu kuliko zote, maana unga wake unaufanya mchuzi uwe mzito kidogo.

Kwa msomaji asiyekula nguruwe, neno la kushika ni dwaejigogi. Ndiyo nyama ya nguruwe, na hujificha kwenye supu nyingi na hata kwenye kujaza maandazi ya mvuke. Uliza kwanza. Katika mtaa wa Itaewon, karibu na msikiti mkuu uliofunguliwa mwaka 1976, ipo migahawa ya halali.

Nyumbani ndipo nilipolielewa swali la guksu. Mwenyeji wangu, dada wa miaka thelathini na minne anayefanya kazi ofisini, alinipeleka kwa wazazi wake jioni moja. Mama yake nilimwita eomeoni, mama, kama wanavyofanya kwa mama wa rafiki. Tulikaa chini mbele ya meza fupi, na hakuna aliyegusa kijiko mpaka baba mwenye nyumba alipoinua chake. Kupokea kitu kwa mkubwa ni kwa mikono miwili. Kuchomeka vijiti wima kwenye wali ni mwiko, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyowawekea marehemu. Mwanangu angelelewa nyumba ile nisingekuwa na la kumfundisha.

Palikuwa na supu ya mwani, na eomeoni akanieleza kwamba ndiyo anayopewa mama aliyejifungua, kama Wachaga wanavyompa mzazi mtori. Mtoto naye huinywa kila siku yake ya kuzaliwa, kukumbuka tumbo lililombeba. Alipofika hapo akamtazama binti yake, kisha akaniuliza mimi kama kwetu wasichana nao wanachelewa hivi. Binti akaendelea kula kimya.

Njiani kurudi ndipo aliponiambia. Si kwamba hataki. Kodi ya nyumba Seoul inameza mshahara, kazini anatoka usiku, na wenzake waliozaa wamesimama palepale kazini huku waume zao wakipanda. Mama anauliza guksu tu, hayo mengine haulizi. Usiku mwingi chakula chake ni ramyeon, tambi za pakiti zilizoanza kutengenezwa Korea mwaka 1963, anazokula amesimama kwenye duka la saa ishirini na nne, akitazama dirishani. Lipo hata neno la kula peke yako, honbap. Na hayuko peke yake: zaidi ya theluthi moja ya kaya za Korea Kusini zina mtu mmoja. Mwaka 2023 wastani wa watoto kwa mwanamke ulishuka hadi 0.72, wa chini kabisa duniani. Nikajua kwamba eomeoni anaogopa jambo kubwa kuliko kukosa sherehe.

Lipo bakuli jingine lisilohusu harusi kabisa. Ni naengmyeon, tambi baridi, zenye mchuzi wa barafu, siki na haradali. Asili yake ni kaskazini, Pyongyang na Hamhung. Vita vya 1950 hadi 1953 vilipowakimbiza watu kusini, walikuja na mapishi yao, na mtaa wa Ojang-dong mjini Seoul hadi leo unajulikana kwa tambi za Hamhung, ngumu kutafuna na zenye pilipili. Wale waliokimbilia Busan hawakupata unga waliouzoea. Wakatumia ngano ya msaada, na tambi hizo, milmyeon, sasa ndizo fahari ya Busan. Wengi waliacha ndugu ng'ambo ya mpaka. Serikali mbili ziliwakutanisha baadhi yao kwa siku chache, mara ya mwisho Agosti 2018. Kwa mzee wa Ojang-dong, tambi hizo ndizo zilizobaki za nyumbani kwao.

Ukitaka kujaribu janchi guksu jikoni kwako, huhitaji duka la Wakorea. Chukua dagaa wakavu kiganja kimoja, toa vichwa na matumbo maana ndiyo yenye uchungu, wakaange bila mafuta dakika mbili kuondoa shombo. Wachemshe na kitunguu dakika kumi na tano, chuja. Chemsha tambi nyembamba, zisuuze kwa maji baridi zisigandane, kisha mwagia mchuzi wa moto. Chumvi, mchuzi wa soya, yai, karoti, basi.

Niliporudi niliwapikia nyumbani Jumapili moja. Shangazi, aliyezoea tambi za nazi, sukari na iliki, alionja akaomba bakuli la sukari liletwe. Nikamweleza kuwa Wakorea huzila harusini. Akaacha kijiko, akamgeukia binti yangu mkubwa. Binti akainuka kwenda kuleta sukari.