Usiiwashe Kwanza

Watu wengi wakitajiwa Singida hukumbuka upepo, alizeti na kuku wa kienyeji. Mimi hukumbuka redio zilizolowa.

Mvua za El Niño zilipoanza mwishoni mwa 1997 na kuendelea hadi 1998, sisi watu wa nchi kame hatukuwa tumejiandaa. Vijijini nyumba nyingi wakati ule zilikuwa tembe: paa bapa, miti imepangwa, juu yake umetandikwa udongo. Tembe hustahimili jua na upepo, lakini mvua ya wiki nzima hulishinda. Udongo hunywa maji mpaka ushibe, halafu huanza kuyatema ndani, na kinachodondoka si maji tena, ni tope. Na redio, kwa heshima yake, ilikuwa ikiwekwa juu, mbali na watoto, karibu kabisa na dari. Basi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kulowa.

Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha ufundi pale sokoni mjini. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuwa na pa kwenda, nikawa mtu wa kumshikia tochi. Redio zikaanza kuja kwa mafungu: National, Philips, na nyingine ambazo hata jina lilikuwa limefutika. Spea hakuna. Reli ya kati ilikuwa imekatwa na mafuriko, na barabara ya kwenda Babati na Arusha ilikuwa tope tupu. Kwa hiyo kazi yetu haikuwa kubadilisha vitu, ilikuwa kuviokoa.

Mjomba alinifundisha hivi. Kwanza, toa mawe, maana betri ndizo adui. Maji matupu hayapitishi umeme vizuri. Chumvi na udongo uliomo ndani yake ndio unaoupitisha. Redio iliyolowa bila mawe imelala tu. Ukiipa mawe ingali mbichi, umeme unapita njia zisizo zake, unaanza kuitafuna shaba, na zile nyaya za koili ni nyembamba kuliko unywele. Pili, ioshe. Watu walishangaa sana kuona fundi anaosha redio kwa maji! Lakini tope likikauka ndani linabaki na chumvi yake, na kila unyevunyevu ukirudi linaanza tena kula. Tulitumia maji safi ya mvua na mswaki mkuukuu, kisha tukapitisha spiriti ili maji yaondoke upesi. Spika hatukuisugua, maana ule uso wake ni karatasi. Tatu, iache. Si jikoni, moto unapinda plastiki. Ianike kivulini penye upepo, siku tatu, nne, hata wiki. "Upepo wa Singida ndio fundi mkuu," mjomba alikuwa akisema, "mimi na wewe ni vibarua wake."

Mwezi wa nne 1998 mjomba alisafiri kwenda kutafuta spea, akaniachia kibanda. Akaniambia neno moja tu: "Pokea, fungua, osha, anika. Usiwashe kitu mpaka nirudi."

Siku ile ile akaja bibi mmoja kutoka Unyambwa na National yake imefungwa kwenye kanga. Nikaifungua, nikaiosha vizuri sana, nikaianika. Kesho yake jioni nikaigusa, naona kavu. Bwana wee, nilikuwa na miaka 16, nina kibanda peke yangu, na nilikuwa na hamu ya muziki wa dansi. Nikatia mawe. Ikaimba! Nikajiona fundi kamili, mjomba wa nini tena. Nikalala inaimba.

Asubuhi ilikuwa inakoroma tu. Nazungusha huku na huku, haishiki stesheni hata moja.

Siku mbili baadaye bibi akarudi, mbio mbio, si kawaida yake. Kisimani alikuwa amesikia kwamba machimbo ya tanzanite ya Mererani yamefurika na vijana wamefia chini. Mwanawe wa mwisho alikuwa huko, mwanaapolo. Mererani iko Simanjiro, ambayo wakati ule ilikuwa mkoa wa Arusha. Kwa barabara ile ya tope ilikuwa sawa na ng'ambo. Simu hakuna. Habari zilikuwa kwenye redio tu: taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam ya saa mbili usiku, na matangazo ya vifo. Ninyi mliozaliwa na simu mfukoni, jueni kwamba kulikuwa na wazazi waliojua msiba wao kwa kumsikia mtangazaji akitaja jina.

"Mjukuu wangu, imepona?"

Nikasema: "Bibi, imekufa. Udongo ulikuwa umeshaila kabla hujaileta."

Hakunilaumu. Alisema tu, "Basi," akakaa kwenye benchi letu nje, akaomba asikilize redio ya kibandani. Jioni tatu mfululizo alikuja. Alikuwa akisikiliza amejiinamia, mkono umeshika ncha ya kanga, na matangazo yakiisha anainuka, anasema ahsante, anarudi Unyambwa gizani kwa miguu. Mimi nilimpa uji. Nilidhani uji utanipunguzia kitu moyoni. Wapi!

Siku ya nne mjomba akarudi. Akaichukua ile National, akaifungua, akapima kwa mita. Mshale haukusogea kwenye koili moja ndogo, ile ya kichwa chekundu. Akaikagua kwa tochi. Kwenye mguu wa koili kulikuwa na ukungu wa kijani.

"Mjomba," akaniita, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, "udongo peke yake hauli hivi kwa siku chache. Uliiwasha?"

Nikanyamaza.

"Uliiwasha."

"Ndiyo."

Hakunipiga. Akafungua mkebe wake wa redio zilizokufa, akatafuta koili ya namna ile ile, akailehemu, ikashika. Kisha akaifunga kwenye ile ile kanga akanipa. "Hii utampelekea mwenyewe, na utamwambia mwenyewe."

Njia ya Unyambwa sikuwahi kuiona ndefu namna ile. Nilimkuta anapepeta mtama. Nikamwambia yote, nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Redio ningekusamehe hata usingesema. Lakini siku tatu nilidhani Mungu ndiye aliyenifunga masikio. Kumbe ni wewe."

Mwezi wa tano barua ikaja kwa mkono wa konda. Mwanawe alikuwa mzima. Mvua ilipoingia alikuwa juu, siyo chini. Watu niliowasimulia huniambia, basi hakuna kilichoharibika. Mimi sikubali. Zile jioni tatu ziliharibika, na hakuna koili ya kuzirudishia.

Leo redio ile ya taifa ni TBC, na ninaoletewa ni simu zilizotumbukia ndooni au chooni. Wenyewe huwa wameshazifukia kwenye mchele na kungoja muujiza. Mchele haufanyi zaidi ya upepo, na chumvi hauiondoi. Nawaambia kile kile: zima, toa betri kama inatoka, acha wenye ujuzi waifungue na kuisafisha, halafu vumilia. Wengi wameshabonyeza kitufe mara kumi njiani ili waone kama bado inawaka.

Siwacheki. Najua ile hamu. Hata maandishi yangu ya kwanza niliyatuma magazetini yangali mabichi, kwa sababu usiku ule yalikuwa yameimba. Siku hizi nikimaliza ukurasa nauweka kando siku tatu au nne. Halafu najiuliza swali alilonifundisha bibi yule: humu ndani kuna mahali nimesingizia udongo?

Mara nyingi pako. Hapo ndipo naanza kuosha upya.