Kobe wa Badali Katika Kisiwa cha Morisi



Watoto wetu wa pwani wakisikia neno dodo, akili zao huenda kwenye embe. Morisi dodo ni ndege, tena ndege asiyekuwapo. Alikuwa mkubwa kuliko bata mzinga, hawezi kuruka, wala hakujua kumwogopa mtu, kwani alizaliwa katika kisiwa kisichokuwa na wa kumwogopa. Waholanzi walitia nanga huko mwaka 1598, na kabla ya karne kutimia alikuwa ametoweka duniani. Sehemu waliliwa na mabaharia, lakini kazi kubwa ilifanywa na panya, nguruwe na kima walioshuka kutoka merikebuni wakayapata mayai yake chini, yamewekwa wazi.

Nimeanza na yeye kwa sababu kila anayekwenda Morisi huulizwa habari zake akirudi. Mimi na mama watoto tulialikwa Port Louis na rafiki niliyesoma naye dini ujanani. Waislamu wa kisiwa kile ni kama watu 17 katika kila 100, wengi wao wazee wao walitoka Bara Hindi, na ukarimu wao unamzidi mgeni nguvu. Siku ya nne mwenyeji wetu akasema tumekwisha kula vya kutosha, sasa atupeleke mahali tukatembee. Mahali penyewe ni kisiwa kidogo upande wa kusini-mashariki, karibu na mji wa Mahébourg, kiitwacho Île aux Aigrettes.

Mashua huondoka Pointe Jérôme, na safari ni ya dakika chache tu. Kisiwa kina hekta 26, yaani kama ekari 64. Wengi wetu tunawajua watu wenye mashamba makubwa kuliko hayo. Ardhi yake ni jiwe la matumbawe, lile lile tulilojengea nyumba zetu za Lamu na Mji wa Kale, lenye ncha na mashimo, na udongo ni kidogo mno. Juu ya jiwe hilo umebakia msitu wa pwani ya kiangazi ambao zamani uliizunguka sehemu kubwa ya Morisi. Kwingine umekwisha.

Mti wenye cheo pale ni abunusi. Sisi huku mti mweusi wa kuchongea tunauita mpingo, nao ni wa jamii ya kunde. Abunusi wa Morisi ni mti mwingine kabisa, na aina inayoota pale imepewa jina la kisayansi linalotokana na jina la kisiwa chenyewe, kwa kuwa ndipo maskani yake makuu. Waholanzi walikata abunusi kwa shehena. Waliofuata, Wafaransa kisha Waingereza, nao walikata chao, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili kisiwa hiki kidogo kikawekwa mizinga. Kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1965, lakini tangazo pekee halikuweza kumtoa panya wala kung'oa gugu. Kazi ya mikono ilianza pale jumuiya iitwayo Mauritian Wildlife Foundation, iliyoasisiwa mwaka 1984, ilipopokea dhamana ya mahali pale.

Kijana aliyetuongoza alituagiza tusitoke njiani, kisha akatueleza kazi yenyewe, nami nilipendezwa kuwa hakuipamba. Paka waliondolewa. Panya waliondolewa. Magugu yaling'olewa kwa mkono, hatua kwa hatua, mwaka baada ya mwaka, na adui mkubwa akiwa mlusina, huu huu ambao sisi tunawakatia mbuzi na kuusifu. Miche ya asili ikaoteshwa katika kitalu pale pale kisiwani, ikapandwa kwenye vijishimo vya mawe. Kirukanjia walijaribu kumwondoa wakashindwa; yuko mpaka leo, anakula vijusi vidogo, nao wanaishi naye hivyo hivyo. Mama Zuhura alicheka. Alisema hakuna nyumba isiyokuwa na kirukanjia wake.

Tulimwona njiwa wa waridi. Rangi yake ni ile ya sharubati iliyotiwa maziwa mengi, na mkia wake ni wa kahawia. Mwaka 1990 njiwa hawa waliobaki porini Morisi nzima walikuwa kama 10. Waliokuwa vizimbani wakazalishwa, makinda wakarejeshwa misituni, na leo wanazidi 400, ingawa bado wanaongezewa chakula na kuangaliwa afya zao. Tulimwona pia mjusi mnene anayeng'aa, wa jamii ya yule tunayemwita mjusi islamu. Alirudishwa hapo kutoka Kisiwa cha Round, kwani hapo alikuwa amekwisha kabisa. Njiani wamesimamisha masanamu ya shaba ya wanyama waliopotea, dodo akiwemo. Mimi masanamu sina mapenzi nayo, na sikusimama karibu nayo muda mrefu.

Kilichonisimamisha ni kobe.

Walikuwa wawili kivulini, wakubwa kama meza ya chai, wanatafuna majani bila haraka. Mtu wa Mombasa hawezi kuwashangaa, kwa maana jamaa zao wako Haller Park, Bamburi. Yule kobe aitwaye Mzee, aliyesuhubiana na kiboko mtoto, Owen, baada ya tsunami ya Desemba 2004, ni wa aina hii hii ya Aldabra, huko Shelisheli. Nikamwuliza kijana: kobe wa Shelisheli anafanya nini katika msitu ambao kila kitu kinachaguliwa kwa uenyeji wake?

Akanijibu kwamba Morisi ilikuwa na kobe wake, aina mbili, wasiopatikana popote pengine. Mabaharia waliwapakia merikebuni wakiwa hai, kwa kuwa kobe huvumilia muda mrefu bila chakula wala maji, wakawala njiani. Aina zote mbili zikaisha. Hata wa Aldabra walikaribia kufuata njia hiyo, hadi mwaka 1874 wataalamu wa Uingereza, Charles Darwin miongoni mwao, walipomwandikia gavana wa Morisi kumwomba awalinde. Sasa, katika msitu, kobe alikuwa na kazi. Hula matunda ya abunusi yaliyoanguka, hutembea, na mbegu hutoka mbali na mti mama zikiwa tayari kuota. Imeonekana kwamba mbegu iliyopita tumboni mwa kobe huota vizuri zaidi kuliko ambayo haikupita. Kobe alipoondoka, matunda yakawa yanaanguka chini ya mama yao na kuozea hapo. Miti ilikuwapo, watoto hawapo. Basi mwaka 2000 wakaletwa hawa wa Aldabra washike kazi ya marehemu.

Mwenye kusoma fiqhi hawezi kusikia habari hii asiikumbuke tayamamu. Maji yakikosekana, udongo safi husimama mahali pake na sala ikasihi. Ni rehema kubwa, na hakuna wa kuidharau. Lakini kila mtoto wa chuoni anajua kwamba mtu hamwagi maji yake makusudi ili apate kutayamamu. Badali ni ya aliyekosa. Kobe wale ni badali njema, wanafanya kazi na msitu unazaa, ila hakuna awezaye kusema wao ndio kobe wa Morisi. Na kazi waliyoikuta imegharimu wanadamu miongo mingi ya kuchutama juani wakichimbua mizizi ya mlusina kwenye nyufa za mawe. Hekta 26!

Jambo hili lilinigusa kwa sababu niliondoka nyumbani na shauri halijamalizika. Nyuma ya msikiti wa mtaani kwetu pana kiwanja cha wakfu chenye mikwaju mitano na mkungu mmoja, miti ambayo wazee wetu waliikuta. Imeletwa rai ikatwe, yajengwe maduka ya kupangisha, na kodi iwalipe walimu wa madrasa. Mimi ni mmoja wa kamati. Rai hii si ya mtu mwovu. Walimu wanadai mishahara ya miezi mitatu, wawili kati yao wana watoto wadogo, na aliyeitoa ndiye amekuwa akiwakopesha kutoka mfukoni mwake. Nikisema miti isiguswe, sharti niseme pia walimu watakula nini.

Mama Zuhura aliposikia habari ya kobe hakusema neno kwa muda. Kisha akamwuliza kijana, "Mwanangu, huu abunusi ukiupanda leo, utakaa chini yake lini?" Kijana akatabasamu, akasema si yeye, labda mjukuu wake, kwani mti huo hukua taratibu sana. Mke wangu akanigeukia. "Baba Zuhura, duka mnalijenga kwa miezi sita. Mkwaju mtaujenga kwa muda gani?" Yeye anasema kwa haki. Kwa miaka mingi amewasomesha wasichana chini ya mikwaju ile, maana chumba cha mabati saa nane mchana hakikaliki, na wanawake wanaokuja kwenye darasa la jioni hukaa hapo hapo na watoto wao.

Katika mlango wa wakfu tumesomeshwa habari ya shamba la Sayyidna Umar huko Khaybar: asili yake izuiwe, matunda yake yatolewe. Kamati yetu imekuwa ikiisoma asili kuwa ni ardhi peke yake. Nadhani kivuli cha mwaliifu wa mia ya miaka hakiwezi kuhesabiwa kuwa si kitu, na nadhani hivyo kwa dalili pia: Mtume (s.a.w.) alipoifanya Madina kuwa tukufu aliharamisha kukatwa miti yake na kuwindwa wanyama wake, na hapo alikuwa na watu wenye njaa kuliko sisi.

Usiku ule Port Louis mwenyeji wetu alitusimulia juu ya meli Wakashio, iliyopanda mwamba Pointe d'Esny tarehe 25 Julai 2020, upande ule ule tuliotoka. Agosti ilipoingia ikaanza kumwaga mafuta, kama tani 1,000, na Île aux Aigrettes ikawa njiani. Watu hawakungoja. Walishona magunia ya majani ya miwa yaelee kuzuia mafuta, wengine wakatoa nywele zao zijazwe ndani ya soksi za nailoni, kwa kuwa nywele hunyonya mafuta. Ndege wadogo, vijusi na miche ya kitaluni wakahamishwa kwa mashua. Mke wa mwenyeji wetu alikuwa miongoni mwa waliokaa chini kushona, na alituonyesha jinsi mikono ilivyokuwa ikienda.

Nilichokiandika kwa ajili ya kamati ni kifupi. Upande wa barabara wa kiwanja chetu hauna mti. Maduka mawili yanatosha pale, si sita. Kodi ya mawili haitamaliza deni la walimu, hilo nimelikiri katika barua, na kwa kilichobakia nimependekeza kila nyumba inayoleta mtoto itoe kiasi chake kila mwezi, na asiyeweza asiulizwe.

Kikao ni Jumamosi ijayo baada ya Laasiri. Mama Zuhura ameomba akina mama waketi ndani ya ukumbi, wala si uani kama ilivyozoeleka, na yeye apewe nafasi ya kusema kabla ya kura. Ombi lake nimeliambatisha kwenye barua kwa mwenyekiti. Jibu bado sijalipata.