Maswali ya Bibi Chini ya Mpera

Ukitafuna jani changa la mpera, ulimi hukauka papo hapo na mashavu hujivuta ndani. Ukakasi ule ni wa tanini, ambazo hushikana na protini za mate na kuondoa utelezi wa kinywa. Niliuzoea tangu utotoni, maana tumbo la mtu likichafuka nyumbani kwetu, bibi alituma mtoto mpereni. Wala hakutaka jani lolote tu. Alitaka machipukizi, yaoshwe, yachemshwe mpaka maji yapate rangi ya chai ya rangi. Kabla ya kumimina aliuliza: umekula nini, umeanza lini, kuna damu? Kikombe cha mkubwa hakikuwa kikombe cha mdogo, na mtoto mchanga hakupewa kabisa.

Mabishano kuhusu dawa za aina hii yananichosha. Huyu anaapa kwamba jani linatibu kila kitu, yule analicheka kwa sababu halina boksi. Wote wawili wameacha kuuliza, na bibi hakuacha.

Maabara nayo huuliza kwa namna yake. Kikaratasi cha duara kilicholowekwa kwenye dondoo la majani huwekwa juu ya sahani iliyopandwa bakteria, tuseme Staphylococcus aureus, kisha sahani hulazwa kwenye joto la nyuzi 37. Kesho yake, kama bakteria wamezuiwa, kikaratasi kinakuwa kimezungukwa na pete safi isiyoota kitu. Pete hiyo hupimwa kwa milimita na kulinganishwa na ile ya antibiotiki. Majani ya mpera yameonyesha pete hiyo mara nyingi. Kipimo cha pili mimi hukipenda zaidi. Myeyusho wa kemikali iitwayo DPPH una rangi ya zambarau iliyokolea. Ukichanganywa na dondoo la mpera, zambarau hufifia na kuelekea njano, kwa kuwa kemikali za jani, kwasetini ikiwamo, zimezituliza molekuli za DPPH zenye elektroni isiyo na mwenza. Molekuli za tabia hiyo ndizo huharibu seli zetu zikizidi mwilini.

Lakini sahani haina ini wala utumbo. Kinachozuia bakteria kwenye kioo chaweza kumezwa kisifike kinakotakiwa, au kufika kikiwa kidogo mno. Ndiyo maana nathamini sana kazi ya Xavier Lozoya na wenzake wa Mexico, iliyochapishwa mwaka 2002. Mpera asili yake ni Amerika ya kitropiki, kwa hiyo waliuliza nyumbani kwake. Wagonjwa wa kuharisha walipewa kapsuli za majani ya mpera zenye miligramu 500, kila moja ikiwa na kiasi cha kwasetini kilichopimwa, miligramu 1, kila baada ya saa 8 kwa siku 3. Muda wa maumivu ya tumbo ulipungua. Hawakudai kwamba jani linatibu kila kitu, na mimi nawaheshimu kwa hilo.

Bibi hakuwa na mizani ya miligramu, ila alijua kwamba kipimo ni sehemu ya dawa. Kumuenzi, naona, ni kuyaendeleza maswali yake hadi mahali ambapo yeye hakuwa na vifaa vya kufika. Kuapa kwa jina lake huku tukimimina bila kipimo ni kumvunjia heshima.

Kwangu mimi, mtoto akiharisha hupewa ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) na zinki kwanza, kwa sababu kinachoua haraka ni kupotea kwa maji na chumvi mwilini. Akilegea, macho yakididimia, au choo kikiwa na damu, ni hospitali moja kwa moja. Majani nachuma kwa ajili ya tumbo langu mwenyewe. Jirani akija kuomba, namuuliza kwanza ni ya nani, ana umri gani, na kama anatumia dawa za kisukari, maana majani haya huweza kushusha sukari. Akijibu ndiyo, namwomba azungumze na daktari wake kabla sijainua mkono kuchuma.