Mjomba, Viti Nimeviona

Keroka, Ijumaa jioni

Mjomba,

Ulinituma nikifika huku nikuangalizie viti vya nje, na ukanionya nisirudi na maneno matupu. Basi tulia, maana mvua imenifungia ndani na sina la kufanya ila kukuandikia. Mvua ya huku haingoji masika. Asubuhi jua linachoma, saa tisa mawingu yameshashuka, saa kumi husikii mtu kwa kelele za mabati. Mji wa Kisii uko kama mita 1,700 juu ya bahari, na Nyamira imepanda zaidi. Nilitoka nimejitanda kikoi chako, watu wakanionea huruma.

Keroka imekaa mpakani, Kisii huku na Nyamira kule. Kando ya barabara nikaona mabati manne juu ya nguzo, chini vumbi la randa limefika kwenye vifundo vya miguu. Nikamwamkia fundi "Bwakire", salamu pekee ninayoijua. Akacheka: hiyo ni ya asubuhi, na saa nane imeshapita. Tukawa marafiki.

Alikuwa akitengeneza benchi la mkaratusi. Akainua ubao, akafumba jicho moja kama anayelenga shabaha, kisha akaukandamiza kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukaacha alama. Akautupa kando: "Huu bado una maji." Mkaratusi mbichi, alinieleza, ukiupiga msumari leo, baada ya mwezi benchi limepinda kama upinde. Mbao zake amezipanga kivulini, juu ya mawe, kila safu imetengwa na vijiti ili upepo upite. Mbao za kukalia hazigusani, kati ya ubao na ubao pana nafasi ya kidole, mvua ipite ianguke chini. Miguu huipaka oili chafu ya gari, kinga ya mchwa. Inanuka wiki moja, halafu unaizoea.

Nikiwa hapo akaja mama na bodaboda, benchi limefungwa nyuma kwa mpira. Mguu mmoja umeoza chini. Fundi akaukata palipooza, akachonga ulimi kwenye kipande kipya, akautia tundu, akagonga. Chai yangu ilikuwa bado moto. Yule mama alisema alilinunua hapo hapo mwaka ambao kifungua mimba wake alianza darasa la kwanza, na sasa kijana ana ndevu.

Mjomba, nikakumbuka kile kiti chako cha plastiki kilichomwangusha bwana harusi mbele ya wakwe. Nani angekishona? Mimi nami sina la kukucheka. Nilinunua Nairobi seti ya vyuma kutoka ng'ambo, katika duka kubwa nisilolitaja. Skrubu moja ilipopotea nilizunguka mji mzima. Hakuna mwenye kipimo chake. Seti nzima sasa ni kamba ya kuanikia nguo.

Usidhani ni sifa tupu. Huu mkaratusi una kesi yake. Ardhi hapa ni finyu: sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.26 Kisii na 605,000 Nyamira, na mashamba yamegawanywa mpaka mengine unayavuka kwa pumzi moja. Mtu mwenye kishamba chake hupanda mkaratusi kwa kuwa hukua upesi, na wengine waliupanda hata mabondeni penye chemchemi. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Bado mingine naiona imesimama mtoni, inakunywa. Halafu serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, Februari 2018, hadi Rais Ruto alipotangaza Julai 2023 kuiondoa, mti wa shambani ukawa ndio tegemeo. Nilimwuliza fundi mbao zake zimetoka wapi. Akanionyesha kilima mbele yetu, akanitajia na mwenye shamba. Dukani Nairobi swali hilo halina wa kulijibu.

Jana nilikwenda Tabaka, kusini-magharibi ya mji wa Kisii, unapita Suneka. Huko ndiko kwenye jiwe la sabuni, lile ambalo Elkana Ong'esa amelichonga mpaka kazi yake ikafika makao ya UNESCO, Paris. Wengi wetu tunalijua kwa vile viboko na vibakuli vya watalii. Mimi nilitaka kigoda. Wanaume hulichimba kwa mtaimbo na kulichonga kwa panga, kama unavyomenya muhogo. Wanawake hulisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji mpaka linateleza. Vumbi la panga ni jeupe na laini kama poda, na sikumwona aliyejifunga hata kitambaa puani. Hilo lilinikera.

Nikakalia kigoda cha jiwe juani. Baridi! Nikarudi Mji wa Kale, Mombasa, ghafla, utotoni, nimekaa barazani kwako mgongo umeegemea ukuta. Sisi nasi tulikuwa na kiti cha nje cha jiwe kilichojengwa na fundi wa mtaani, kabla hujaamua kukijaza plastiki. Samahani, lakini ni kweli.

Sasa la agizo lako. Nilimwambia fundi wa Keroka kwamba kwetu chumvi hula misumari. Akafikiri, akaniuliza kama bahari ina mchwa, kisha akasema atatumia vigingi vya mti badala ya misumari. Nilikaribia kulipa. Ndipo nikamkumbuka yule mama na bodaboda yake. Benchi likifika Mombasa na mguu ukaoza, utalifunga kwenye basi usiku kucha lirudi Keroka? Nikamweleza hivyo fundi mwenyewe. Alicheka, akasema basi nichukue vipimo, nimpelekee fundi wa kwenu, ila nimsisitizie nafasi ya kidole na vile vigingi.

Kwa hiyo ninakuja na kigoda kimoja cha jiwe, maana jiwe hilo kwetu halipo. Nitakiweka miguuni kwenye basi, ni kizito kama dhambi, na usikiburure, kinachubuka upesi. Kesho fundi hafungui, ni Msabato kama wengi huku. Jumapili asubuhi nitarudi kupima mgongo wa benchi kwa kamba. Wewe nawe pima ule ukuta ulio kando ya mlango, kwa mita na si kwa shubiri, na umwulize yule jirani fundi wa Kibokoni ana ubao gani uliokauka. Nisalimie mkaza mjomba.