Maji ya Shinyanga na Maji ya Geita

Mvua ikinyesha siku moja katika mji wa Shinyanga na mji wa Geita, maji yake hayaendi pamoja. Ya Shinyanga yaingia Mto Manonga, kisha mbuga ya Wembere, Ziwa Kitangiri, Mto Sibiti, hata Ziwa Eyasi lenye chumvi. Huko hukaushwa na jua. Bahari hayaioni kamwe. Ya Geita yashuka Ziwa Viktoria, yakafuate Nile mpaka Misri!

Wala hayasafiri mikono mitupu. Tazama shamba lako: juu ni mchanga mwepesi, luseni, chini ni mbuga, udongo mweusi. Ule laini uliteremshwa na maji. Na pale ng'ombe walipomaliza majani, mvua huchimba korongo, nalo hupanda mwaka kwa mwaka kuelekea nyumba ya mtu. Ndiyo maana wazee walitenga ngitili, na mradi wa HASHI ulioanza 1986 ukazifufua.

Geita kuna mzigo mwingine: zebaki ya kukamatia dhahabu. Marudio yakimwagwa kando ya kijito, mvua huyapeleka ziwani. Samaki huila zebaki ile, nawe wamnunua samaki sokoni.