Mzee Keshakula Chumvi, Asitibiwe?



Baba mkubwa wetu aishiye Uingereza ana miaka 81. Altrasaundi ilionyesha mshipa wake mkuu wa damu, aota, umevimba tumboni hadi sentimita 6. Ukipasuka, wengi hawafiki hospitali. Huku nyumbani maneno yakaanza: “Keshakula chumvi nyingi, mwacheni apumzike.”

Sisi mafundi wa nguo za maharusi tukauliza, tiba yenyewe nini? Kumbe ni kitambaa! Mrija wa poliyesta wenye waya hupitishwa kwenye mshipa wa kinena mpaka penye uvimbe, bila kupasua tumbo. Dokta Juan Parodi aliufanya Buenos Aires mwaka 1990, akiwalenga wasioweza kuhimili upasuaji mkubwa.

Basi umri peke yake haufungi mlango. Mwenye umri mdogo na afya njema mara nyingi hushauriwa upasuaji, kwani hudumu zaidi. Mzee hufaidika na mrija kwa kuwa hupona haraka, ila unaweza kuvuja, hivyo vipimo havikomi. Na utafiti wa Uingereza, EVAR 2, ulionyesha kuwa waliodhoofu mno hawakuishi zaidi kwa tiba hii. Ndiyo maana madaktari hutazama moyo, mapafu na figo.

Bibi harusi, unaingia nyumba yenye wazee. Usimpimie mkweo maisha kwa miaka yake. Aulizwe mwenyewe. Baba mkubwa aliulizwa, akasema anataka. Umri uko kwa Allah. Kutafuta dawa tumeamrishwa. Mwombeeni.