Wavu wa mbu niliouweka mimi

Mwaka wa kwanza sikupata chumba hosteli, nikaishi kwa shangazi yangu Sinza. Uani alikuwa na chumba cha kufulia nguo za watu: mashine mbili za kufulia, draya moja ya umeme iliyokuja na kontena ikiwa imeshatumika, na dada mmoja wa kupiga pasi. Wateja wengi walikuwa sisi wenyewe, wanafunzi. Masika yakianza jinzi inakaa kwenye kamba siku tatu na bado inanuka, kwa hiyo mnajua foleni ilivyokuwa.

Mwanzoni draya ilikuwa inapumulia humohumo ndani. Kuta zikatoa jasho, dari ikaota ukungu mweusi, dada akawa anakohoa. Nasoma ualimu wa fizikia, basi nikajifanya mtaalamu: nikapima mzigo mmoja kwa mizani ya duka la jirani. Nguo zikiingia kilo 8, zilitoka kilo 5. Yaani lita 3 za maji zinabaki chumbani kila mzigo. Shangazi akaelewa. Akamwita fundi, mzee mmoja wa mtaani, akatoboa ukuta na kupitisha bomba la bati hadi nje.

Kazi yake ilikuwa safi. Ila mdomo wa bomba ulikuwa wazi, na Dar tundu lolote lililo wazi ni mlango wa mbu. Jumamosi moja nikakata kipande cha wavu wa dirishani, nikakifunga kwa waya pale mdomoni. Sikumwambia mtu. Nani anatangaza kwamba ameweka wavu?

Sasa, draya haikaushi kwa joto peke yake. Inavuta hewa ya chumbani, inaipasha moto, inaipitisha kwenye nguo zinazozunguka, halafu feni inaisukuma nje ikiwa na mvuke na nyuzinyuzi zilizobanduka kwenye nguo. Chujio la mashine linakamata nyingi, si zote. Zinazoponyoka zinasafiri na hewa, na zikikutana na wavu, safari imeishia hapo. Kila mzigo unaongeza utando, hewa inapita kwa shida, joto linarundikana ndani, na nyuzinyuzi kavu zinashika moto kama pamba.

Dalili zilikuwepo. Mzigo uliokuwa unakauka kwa dakika 50 ukaanza kuchukua saa moja na nusu. Shangazi akasema umeme ni mdogo. Dada akasema anasikia harufu ya kuungua. Nikamjibu ni pasi yake. Jibu hilo bado linaniuma.

Usiku mmoja wa Aprili, nikiwa najiandaa na testi, nikamsikia anapiga kelele. Moshi ulikuwa unatoka nyuma ya draya. Nikakimbilia mlango wa mashine niokoe nguo, akanivuta shati: "Usifungue, kaka, utaupa hewa!" Alikuwa ameshazima swichi kubwa ya ukutani. Tukatoka, tukafunga chumba, shangazi akapiga 114. Zimamoto walipofika moto ulikuwa umejifia wenyewe ndani ya mashine. Nguo za mzigo ule ziliungua zote, ikiwemo suti ya mwenzetu mmoja aliyokuwa ameiandaa kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha.

Asubuhi shangazi alikuwa ameshampata mkosaji: fundi. Shilingi 40,000 alizokuwa bado anamdai zikafutwa, na mtaa mzima ukaambiwa kwamba mzee yule atawachomea nyumba. Mimi nilikuwa nimeshauona wavu, umeziba kabisa kama godoro dogo. Nikaufungua nikautupa, nikanyamaza.

Nilinyamaza siku tisa. Katika siku hizo nikasoma kila kitu kuhusu mabomba ya draya, kana kwamba kusoma ni kutubu. Kwa miaka ya 2008 hadi 2010, wakala wa zimamoto wa serikali ya Marekani ulikadiria moto wa draya majumbani kuwa 2,900 hivi kwa mwaka, na sababu iliyoongoza ni kutosafisha. Kanuni zao za ujenzi zinataka bomba la chuma laini ndani, la inchi 4, fupi, lenye kona chache. Maungio yasipigwe skrubu zinazochomoza ndani, maana ncha zake zinanasa nyuzinyuzi. Na pale mdomoni, marufuku kuweka wavu. Wameandika kabisa. Mzee wetu alikuwa amepatia karibu yote.

Siku ya kumi nikamwambia shangazi, akiwa anachambua mchele. Hakuinua macho. Akasema tu, "Mpigie."

Mzee alikuja jioni. Nikaanza kujieleza, akanikatiza: "Mwanangu, wavu niliuona siku nilipopita kudai. Nikajua si wangu." Kwa nini hakusema? "Ningemwambia nani, nyumba si yangu?" Shangazi akamhesabia 40,000 yake pale pale, akaongeza na ya kazi mpya. Suti niliilipa mimi, bumu likiingia, kwa awamu mbili. Kwa dada niliomba radhi. Akasema amesikia, akaendelea kupiga pasi.

Mwezi uliofuata shangazi alinunua draya nyingine. Mzee akafunga mdomoni kifuniko chepesi cha bati chenye bawaba. Mashine ikiwaka, upepo unakiinua. Ikizimwa kinashuka chenyewe, mbu wanabaki nje. Kila Jumapili nalivuta bomba, nalisafisha kwa brashi ndefu, kisha natoka uani kuangalia kama kifuniko kinanyanyuka.